Kodi ya Dharura ya Colman Fahy

Ijumaa jioni benchi la uwanjani Gort, mji mdogo wa Ireland, mbele ya duka la chipsi, lilikuwa na watu wake wale wale. Bartley, aitwaye Askofu kwa kuwa aliwahi kumwendesha askofu siku moja, mwaka 1988. Nuala, aitwaye Redio, na huyo hahitaji maelezo. Na Colman Fahy, Kangaruu, aliyerudi kutoka Australia baada ya miaka kumi na tano. Hii ilikuwa wiki yake ya tano kiwandani kwa watengeneza madirisha, na mshahara wa leo umeliwa karibu nusu, na kwenye hati ya malipo pameandikwa kodi ya dharura. Hilo angelimeza. Kilichomkaba ni Edmilson, Mbrazili walioanza naye siku moja, mashine moja, malipo yale yale, ambaye kodi yake ilikuwa kiduchu tu. Wivu ulimtafuna Colman hata kahawa ikamshinda.

— Jumatatu naacha kazi, alisema. Namwambia meneja ana kwa ana.

— Na mkeo? aliuliza Nuala.

— Atajua Jumatatu.

— Dharura ya nini, lakini? Kwani kuna vita?

— We Redio, tulia, alisema Askofu. Dharura ni yeye. Miaka kumi na tano hayupo, ofisi ya kodi wanadhani alishakufa. Sasa maiti kaanza kazi, lazima washtuke.

— Maiti hakatwi kodi, alisema Nuala.

— Anakatwa. Muulize dada yangu alivyorithi shamba la marehemu baba.

Colman hakucheka.

— Mbona Edmilson hawakumshtukia? Mimi nimebatizwa kanisa lile pale. Babu yangu kazikwa nyuma yake. Yeye ana miezi minane hapa.

— Ndiyo maana, alisema Nuala, akishusha sauti kama anatoa siri ya serikali. Yule mama wa mishahara, Assumpta, si ndiye uliyekataa kucheza naye disko, enzi zile?

— Nilikuwa na mguu mbovu.

— Mwanamke hasahau. Amekuwekea dharura kwa mkono wake.

— Mnakwenda mbali, alisema Askofu. Hesabu ni nyepesi. Kinachokatwa kwa Kangaruu ndicho anachoongezewa Mbrazili. Umewahi kuwaona wote wawili wanalia siku moja?

Colman alijua neno hilo ni upuuzi, lakini lilimpendeza, kwa sababu lilimpa mtu wa kumchukia.

Edmilson mwenyewe akatoka dukani na mfuko wa chipsi, akasimama mbele yao.

— Habari za jioni. Colman, mbona sura hiyo?

— Anakatwa kodi ya dharura, alisema Nuala. Kwa ajili yako.

Edmilson alimtazama Colman, akaonekana kumhurumia kweli.

— Pole, kaka. Kwani kazi uliisajili?

Askofu alichungulia kikombe chake. Nuala, kwa mara ya kwanza mwaka ule, aliinama mbele kusikiliza.

— Inasajiliwa na nani? Colman aliuliza.

— Na wewe mwenyewe. Kwenye tovuti ya ofisi ya kodi, unawaambia umeanza kazi. Mimi nilifanya siku ya kwanza, kwa simu. Wasipoambiwa wanakata ya dharura; ukijisajili, walichokukata zaidi wanakurudishia.

— Mimi ni mtu wa hapa. Nilidhani wananijua.

— Mimi hakuna aliyenijua, alisema Edmilson. Ikabidi niulize.

Colman alihisi wivu ukimrudia upya, mkali kuliko ule wa mshahara. Alitamani kumwambia aende zake na chipsi zake. Akamfikiria mkewe, ambaye Jumatatu alikuwa aambiwe jambo la aibu zaidi kuliko hili. Akamsukuma Askofu pembeni kwa kiwiko hadi nafasi ikapatikana.

— Kaa, alisema, macho chini. Nionyeshe.