Anord, Arnold na Orodha ya Wanaojulikana

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Anord Kalinga wa kitengo cha kompyuta anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ilikuwa iwe 31 Mei. Kwa nini haikuwa, tutafika.

Alianzia tawi la Chimala, akiandika magunia ya mpunga daftarini, kabla ya kuhamishiwa makao makuu Mbeya ushirika wetu ulipopata kompyuta. Hapa alipewa kazi ambayo hakuna aliyeigombea: kukagua mafaili ya maktaba. Si maktaba ya vitabu; ni yale mafaili ambayo programu nyingi huyaazima ili zifanye kazi. Kila faili alilitolea alama yake, mkururo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani, kisha akailinganisha na orodha ya mafaili yanayojulikana. Nukta moja ikibadilika, alama yote inakuwa nyingine. Jina la faili hakulijali. Alisema jina zuri hata mwizi analo.

Tawi la Chunya lilikaa siku mbili bila kuchapa hata barua, kwa sababu mzee alizuia faili moja lenye jina zuri ambalo halikuwamo kwenye orodha. Walimnung'unikia mpaka wakachoka. Kumbe lilikuwa na kirusi, limeingia kwa flashi ya mtu. Samahani waliyoahidi bado iko njiani. Barabara ya Chunya ina vumbi.

Majina ya watu nayo hakuyajali sana. Dada wa mapokezi, Goodness, mzee alimwita Bertha miaka kumi na moja, hadi dada akazoea kuitika.

Mwaka jana alishauri majalada ya wafanyakazi nayo yakaguliwe herufi kwa herufi. Tulimpigia makofi. Ukaguzi ulipoanza Mei, jalada la kwanza kukataliwa likawa lake: cheti cha ubatizo kinasema Arnold, barua ya ajira inasema Anord, kama tunavyotamka wote huku. Afisa utumishi, Juliana, alitaka kufumba macho. Mzee alikataa, akamwambia herufi ikihama, huyo ni mtu mwingine. Basi kustaafu kukasogezwa mwezi mmoja, parachichi za shamba lake la Kilolo zikaiva bila yeye, naye akaenda Iringa kuapa kwamba Anord na Arnold ni mtu mmoja.

Wiki iliyopita alileta hati ya kiapo. Juliana aliisoma polepole kwa sauti, mzee amesimama, kofia mkononi. Mzee aliposikia neno "anajulikana", alitoa leso. Nasi tulitoa zetu.

Asante kwa kutulinda na majina mazuri. Anord, Arnold, nendeni mkapumzike. Tunawatakia nyote wawili maisha mema.