Nukta ya Mpira Mweupe

Assalaam aleikum warahmatullah. Wazee wetu, mama zetu mliokaa ndani, majirani wa hapa Wattaya, Maskati, na nyinyi mliotoka Sidab na Matrah kuja kutupa mkono wa pole, familia imenipa kazi ya kukusomeeni maisha ya ami yangu, marehemu Marhoon bin Yaqdhan, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuingia nyumba hii asiulize kwa nini meza ya biliadi ya mzee huyu haina matundu, leo inshallah mtajibiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1936, Malindi, Unguja, mtoto wa tatu wa karani wa forodha, akasoma Qur'ani chuoni kisha skuli ya Darajani, ambako walimu walimlalamikia kwa baba yake kuwa kijana huyu ana maswali kuliko majibu, tabia ambayo, nyote mashahidi, hakuiacha mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1957 alikwenda Cairo kusomea uhandisi, na huko, kwenye mkahawa wa jirani na chumba alichopanga, ndipo alipoiona meza isiyo na matundu, yenye mipira mitatu tu, mmoja mwekundu na miwili myeupe, na katika hiyo myeupe mmoja una nukta nyeusi kama chembe ya pilipili manga, ili kila mchezaji aujue wake, naye hupata pointi pale mpira wake unapoigusa ile mingine yote miwili.

Alivutiwa, tena khasa! Aliwasumbua wazee wa mkahawa kwa maswali, mpira huu mbona umepinda, ule mbona umerudi nyuma, hata wakamfundisha kuandika pointi ubaoni ili wapate kupumzika na maswali yake. Kwa hivyo, mwezi wa Novemba 1960, yalipofanyika mjini humo mashindano ya dunia ya ridhaa, wakati huo bado machanga, wachezaji wanakuja na fimbo zao kwapani na nauli wamejilipia wenyewe, marehemu, akiwa na miaka ishirini na nne, aliwekwa ubaoni siku ya fainali, baina ya Mbelgiji mmoja na Mreno aitwaye Anselmo, na sharti la mwandishi lilikuwa moja tu, aandike anachotamka mwamuzi na asifungue mdomo.

Mchezo ukielekea ukingoni, marehemu aligeuka kutoka ubaoni akamwona Mbelgiji anaupiga kwa fimbo yake mpira wenye nukta, nao siku hiyo ulikuwa wa Mreno, mwamuzi hakuona, akatamka pointi, na marehemu akaiandika. Mreno alishindwa kwa pointi moja. Marehemu alinyamaza, si kwa ajili ya sharti, mwenyewe alikiri, bali kwa woga, na woga huo ndio uliomla roho.

Baada ya mwaka 1964 hakurudi tena Unguja, akafanya kazi Cairo mpaka tarehe 2 Machi 1971 alipoingia Maskati, akamuoa Bi Mwanamize binti Loay tarehe 9 Agosti 1972, wakajaaliwa watoto wawili, Jaifar mwaka 1974 na Aliya mwaka 1979, naye akawa mhandisi wa winchi bandarini Matrah kwa miaka ishirini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 1996. Mwaka uliofuata aliagiza meza yake kutoka Cairo, ikameza ukumbi mzima, Bi Mwanamize akaipa jina la "Mke Mwenzangu", na kuanzia siku hiyo hakuna mgeni aliyepiga mpira hapa kabla ya kuambiwa, "Nionyeshe nukta kwanza." Sisi tulicheka, tukidhani ni mambo ya uzee.

Septemba mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na hapo hospitali ndipo alipomwita Aliya, akamsimulia yote ambayo hakuwahi kumwambia hata Bi Mwanamize, akamaliza kwa kusema, "Mwanangu, nna haki ya mtu shingoni, sijui yu hai au kafa, nitafutie." Aliya, masikini, aliandika barua kwa kila klabu ya biliadi aliyoisikia Lisbon, na kila asubuhi mzee akifumbua macho, kabla ya dawa na kabla ya chai, anauliza, "Mreno kajibu?"

Alifariki juzi, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, alfajiri, Aliya akiwa pembeni yake, na neno lake la mwisho kabla ya kutamka shahada lilikuwa swali hilo hilo, tukamzika makaburini Amerat baada ya sala ya Alasiri.

Jana, Alkhamisi, Mreno kajibu.

Ana miaka tisiini na miwili, amemwambia mjukuu wake amwandikie, anasema anamkumbuka sana yule mwandishi wa ubaoni, kwani mwandishi alipokuwa ameupa mchezo mgongo anaandika, yeye Anselmo ndiye aliyekosea kwanza, akaupiga mpira wa Mbelgiji na kupata pointi, akatambua kosa na kulimeza, na zamu ilipomfikia Mbelgiji, bila kutazama, akaupiga ule mweupe uliobaki, wenye nukta. Alipomwona mwandishi amegeuka, kaikodolea macho ile mipira, alijua kwamba ameonekana, na miaka sitini na minne amekuwa akijiuliza kwa nini kijana yule alimsitiri, na anaomba, ikiwa yu hai, amsamehe.

Jamani, ada yetu ni kumwombea marehemu msamaha kwa kila mtu ambaye yeye alimkosea, nasi tunakuombeni nyote mumsamehe. Lakini msamaha huu mwingine umekuja kuombwa kwake yeye, na Bi Mwanamize, aliyekwishaingia eda, ametoa jibu kutoka ndani, "Mwandikieni, Marhoon kamsamehe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi mitano, majirani mliopika na kufungua milango yenu, na wenzake wa bandarini mliolibeba jeneza.

Mola akulaze pema, Mzee Marhoon. Pumzika sasa, Mreno kajibu.