Miraba ya Papa Hilaire Twizeyimana, Fundi wa Nakshi (1958–2025)

Papa Hilaire Twizeyimana, ambaye udongo wa Kashebere unampokea leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kilima cha Rushengo, Masisi, mtoto wa tatu wa Papa Kanyamibwa na Mama Mukandori, wakulima wa maharagwe na viazi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule.

Alisoma shule ya msingi ya misioni, na mwaka 1973 akaingia atelier, karakana ya Mafrère, watawa wa misioni, kujifunza kutia nakshi katika metali. Katika kibao chake cha kwanza alichonga mzabibu kwa kukisia tu, na tawi likafika ukingoni kabla ya kujikunja. Frère mzee alilitazama, akacheka: «Hilaire, tawi lako limetoka nje kutafuta jua.» Tangu siku ile alishika kanuni moja: kupaka chuma chokaa, kukigawa kwa miraba iliyo sawa, kuweka duara ndani ya kila mraba, kisha kulipitisha tawi toka duara hadi duara, likijipinda kama ncha changa za mmea wa maboga. Patasi haikugusa chuma kabla ya hapo.

Kuanzia mwaka 1979 alifanya kazi nyumbani, Rushengo. Alipamba vikombe vya misa, vibao vya misalaba ya makaburi, na bunduki za wawindaji waliomjia kutoka Walikale, hata Hombo.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Mama Brigitte Muhawenimana, ambaye aliwatuliza wateja wengi: «Mukae, mukule kwanza. Papa angali ku miraba. Ata mungekuwa Askofu, mungengoja.» Mungu aliwajalia Chantal, Falone na, baada ya kungoja sana, Jérémie.

Mwezi Februari 2024 Jérémie, akitoka soko la Sake, alikamatwa na watu wenye silaha, ili afanywe mpiganaji. Mkubwa wao akamletea Papa Hilaire bunduki yake: aijaze maua, ndipo kijana aachiliwe. Papa Hilaire hakuisadiki ahadi ile. Vijana wa majirani walioahidiwa hivyo walipelekwa vitani, wasionekane tena. Aliomba tu Jérémie aje kumshikia chuma. Wakamleta pamoja na walinzi, naye akaanza kuchora.

«Muzee, mimi niliomba maua. Hii miraba njo nini?»

«Mukubwa, maua bila miraba inapoteaka njia. Wenzako watakucheka.»

Kila asubuhi aliona kosa, akafuta, akaanza upya. Ilipofika siku ya soko, walinzi wakiwa wachache, akamtuma Jérémie kuchota maji ya kuoshea chokaa.

«Maji ya hapa chini iko na matope, mutoto wangu. Kama haiko safi, uendelee mbele. Uendelee tu, mpaka upate safi.»

Mlinzi akacheka: «Huyu muzee! Ata maji anachagua!»

Jérémie alichukua kidumu, akaenda. Papa Hilaire hakukimbia, kwa maana kiti kitupu kingewashtua mapema. Aliinamia chuma, akapima mraba baada ya mraba, hadi jua lilipoelekea magharibi na mkubwa akauliza kijana yuko wapi.

Walimvunja vidole vya mkono wa kuume, wakampiga kifuani kwa kitako cha bunduki ile ile. Bunduki hiyo iliondoka Rushengo bila ua hata moja.

Mama Brigitte na mabinti zake walimleta Kashebere kwa machela. Kifua hakikupona, alikohoa damu, na mkono ule haukushika tena hata kijiko. Kila msafiri aliyetoka upande wa Hombo, Papa Hilaire alimuuliza juu ya kijana mrefu mwenye kidumu. Hakuna aliyejua. Mama Brigitte akimsihi alale, alijibu: «Nitalala namna gani? Mimi njo nilimwambia aendelee.»

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa mke wake, akiwa hajapata jibu.

Ameacha mjane, Mama Brigitte; mabinti, Chantal na Falone; wajukuu sita; mdogo wake, Noël; na Jérémie, aliyekuwa msituni pamoja na wawindaji, akidhani wazazi wake wote wawili waliuawa. Habari ya kifo hiki ndiyo iliyomfikia, akajua kumbe walinusurika siku ile. Amewasili jana jioni kwa miguu, mzima.

Papa Hilaire, mtoto amefika. Sasa pumzika kwa amani.