Makubazi Hakufika Mwezini

Benchi letu la Temeke ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, mahali ambapo kivuli cha ukuta hufika mapema alasiri. Kibaraza changu kinatazamana nalo, kwa hiyo nikikaa kunyonyesha nasikia yote, nitake nisitake. Wanaokaa hapo hawabadiliki. Yupo Shomari wa kiwanda cha nguo, anayeitwa Shomari Sinema kwa sababu hakuna picha iliyopita Dar es Salaam asiyoweza kuisimulia. Yupo Ansbert, karani wa serikali kutoka Bukoba, ambaye jina lake la benchini ni Kamati. Yupo Anselmo mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, anayeitwa Mpingo; huyo ana methali kwa kila jambo, ingawa jambo na methali mara nyingi havijuani. Na yupo Nassibu muuza kahawa na dele lake. Wa tano alikuwa Gaspar, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, ambaye ndiye aliyetunga “Likizo ya Mwezi”, kitabu ambacho mtaa mzima tulikisoma mpaka kurasa zikalegea. Siku hiyo nafasi yake kwenye ubao ilikuwa wazi. Alikuwa amelazwa hospitali, na jana yake gari la sinema lilikuja uwanjani kutuonyesha picha iliyotengenezwa kutokana na kitabu chake, mwenyewe hayupo.

— Rosalia atapita hapa sasa hivi akienda kumwona mumewe, alisema Nassibu akimimina kahawa. — Jana alikuwa hospitali, sinema hakuiona. Kubalianeni la kumwambia.

— La kumwambia ni moja, alisema Shomari Sinema. — Picha mbovu.

— Umwambie hivyo mke wa mgonjwa?

— Mie nimeona picha za Kihindi stelingi anaimba na risasi iko kifuani, nikalia mpaka mwenzangu akahama kiti. Jana sikulia, sikucheka. Nilijikuna tu.

— Punguza sauti, alisema Kamati. — Hali ya Ndugu Gaspar si nzuri. Daktari kamwambia mkewe hafiki mwezi.

Neno hilo lilipotoka, wote walitazama ile nafasi iliyo wazi. Kamati mwenyewe aliweka kikombe chini. Hakulikusudia. Kitabu kizima cha Gaspar kimesimama juu ya neno hilo moja. Makubazi, karani wa bandarini, anamwomba bosi wake likizo ya mwezi. Bosi anadhani ni siku thelathini, anakubali. Kumbe Makubazi anakusudia mwezi wenyewe, ule wa juu, naye anaondoka na chombo alichokiunga kwa mapipa ya mafuta ya taa. Huko anakuta watu wepesi kama pamba. Foleni ya duka la ushirika inapanda kwenda juu badala ya kurudi nyuma, na kila mteja kafungwa jiwe mguuni asije akapeperuka akapoteza zamu. Sehemu hiyo tulikuwa tukiisoma nasi tumo kwenye foleni, ya sukari au ya sabuni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine tukisogea.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Mpingo mwishowe.

— Hiyo imeingiaje? aliuliza Shomari.

— Imeingia tu. Jana nilimngoja Makubazi apande chombo. Nikasema atapanda akishalima. Kalima. Nikasema atapanda akishapalilia. Kapalilia. Mara nasikia mashine inazimwa, watu wanakung'uta mikeka.

— Likizo ya mwezi, alisema Shomari, — ndiyo kaenda kijijini kushika jembe, halafu karudi ofisini kamshukuru bosi. Mwezi wenyewe tumeuona mara moja tu. Uko juu kulekule, yeye yuko chini anafuta jasho.

— Kulima si aibu, alisema Kamati.

— Nani kasema aibu? Mama yangu analima mpaka leo. Lakini nikitaka kumtazama mtu analima nakwenda Mbagala kwa miguu, sihitaji kuletewa na gari.

— Kwa hiyo unadhani kwa nini wenye picha walifanya vile?

— Chombo, braza. Chombo ni ghali. Wamarekani kupeleka watu wao kule walichangishana nchi nzima. Sie tuna mapipa tu, na mapipa yenyewe tumeyakalia.

Mpingo aliinama akatazama chini ya ubao, kama mtu anayehakikisha.

— Si chombo, alisema Kamati. — Mie kazi ya kamati naijua, hata ya sinema. Jalada linaletwa mezani, juu limeandikwa “Likizo ya Mwezi”. Mwenyekiti anasoma jina. Anasema, ndugu wajumbe, huyu ni mfanyakazi anachukua likizo ya mwezi mmoja, basi likizo hiyo aitumie kujenga taifa. Wajumbe wanasema naam. Kitabu chenyewe kimekaa chini ya birika la chai.

— Yaani walisoma jina tu?

— Jina ndilo linalosomwaga.

Nassibu alikuwa akisuuza vikombe. Aliacha.

— Lakini hilo si ndilo kosa la bosi? aliuliza. — Bosi wa kitabuni. Naye alisikia mwezi, akadhani siku thelathini.

— Ndilo hilo.

— Basi Gaspar aliwaandika kabla hawajakosea.

Ilikuwa ya kuchekesha, nadhani. Siku nyingine wangepigana viganja. Shomari alikunywa kahawa yake yote kwa mara moja, akakunja uso kwa uchungu wake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mpingo. — Mie siamini habari za kamati. Mie nasema mwezini walikwenda, ila mkanda umepotea. Sinema si inakuja kwa mikanda? Mkanda wa mwezini umepanda gari jingine. Jana hiyohiyo watu wa Lindi wamemwona Makubazi anashuka mwezini, hawajui katokea wapi. Na sie tumemwona analima, hatujui anakwenda wapi.

— Basi Lindi wamefaidi.

— Lindi hawajawahi kufaidi kitu, alisema Mpingo kwa huzuni. — Labda wao waliletewa mkanda wa palizi mara mbili.

— Nyote mnabahatisha, alisema Shomari Sinema. — Ni Wamarekani. Kule wameshaweka bendera. Ukiweka bendera ni kama umeweka ua. Huwezi kuingiza stelingi wako kwenye ua wa mtu bila hodi, tena stelingi mwenyewe karani wa bandari na mapipa yake. Waliambiwa, mwezini hapana, tafuteni pengine.

— Nchi huru haipigi hodi kwa Mmarekani, alisema Kamati.

— Ndiyo maana ikaenda kijijini.

Mpingo alikuwa akikuna kidevu, na kwa Mpingo hiyo ni dalili mbaya. Alisogeza makalio mpaka kwenye nafasi ya Gaspar, akagundua, akarudi.

— Nyie jana hamkutazama, alisema. — Kile kijiji. Mliona mti? Mliona kuku? Vumbi jeupe mpaka mwisho wa macho, watu wanatembea polepole, hawasemeshani. Kile hakikuwa kijiji. Palepale ndipo mwezini. Walikwenda kweli, wakapiga picha, halafu wakaogopa kutuambia.

Walifikiri. Hata Kamati alifikiri.

— Jembe lilikuwa linapanda taratibu, Shomari alikubali. — Nililiona. Linapanda, linapumzika juu, ndiyo linashuka.

— Si unaona. Na mwezini hakuna hewa. Kucheka kunataka hewa. Ndiyo maana uwanja mzima ulikuwa kama msibani.

Mimi nilikuwapo uwanjani, mtoto mgongoni, na kuku nilimwona. Alipita nyuma ya Makubazi alipokuwa akinywa maji. Nikamhamisha mtoto ziwa la pili.

— Mchana unakwisha, alisema Nassibu. — Na kahawa inakwisha. Mmekubaliana nini?

Kamati alijiweka sawa kama anafungua mkutano.

— Napendekeza tuseme picha ilikuwa nzuri na watu walicheka sana. Wanaounga mkono?

— Huo si uongo? aliuliza Mpingo.

— Ni taarifa.

Mpingo aliinua mkono. Nassibu aliinua kikombe. Shomari Sinema hakuinua kitu.

— Sura ya kwanza alinisomea mie, alisema. — Hapahapa, kabla ya mtu yeyote. Nilicheka mpaka kahawa ikatokea puani. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu aliyepika anavyotazama mgeni anakula. Halafu akaniuliza kama naweza kusubiri asome tena. Leo nimpelekee taarifa ya kamati?

— Umpelekee nini basi?

— Sijui.

— Basi inua mkono.

Shomari aliinua mkono, si juu sana.

Rosalia alikuja akitokea upande wa kisimani, kanga moja kaitanda, nyingine kafungia bakuli la uji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akamgusa mtoto unyayo. Kisha akavuka kwenda benchini.

— Karibu, shemeji, walisema wote kwa pamoja, wakajisogeza ingawa nafasi ilikuwapo.

— Sikai, shemeji zangu. Basi litaniacha. Jana kulikuwaje?

— Kuzuri, alisema Kamati. — Kuzuri sana. Picha nzuri.

— Watu walicheka, alisema Mpingo. — Walicheka kwelikweli.

Rosalia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, lakini nywele alikuwa amezisuka upya.

— Walicheka wapi?

Kamati alimtazama Mpingo, Mpingo akamtazama Shomari.

— Anauliza hilo tu, alisema Rosalia. — Hataki kujua kama ni nzuri. Anasema nzuri ni neno la watu wenye adabu. Anataka kujua walicheka wapi. Kwenye foleni, au pale wanapomwitia muuza duka balozi wa nyumba kumi kwa sababu kilo ya sukari haina uzito. Anasema yeye foleni aliiandika upya mara nyingi, lakini ya sukari ilikuja yenyewe, kwa hiyo anaiogopa.

Kamati alitoa leso, akajifuta shingo. Mpingo alifungua mdomo kutafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuipata. Sote tulijua watu walicheka wapi. Walicheka mara moja tu, upepo ulipolikunja lile shuka jeupe la kuonyeshea picha na kichwa cha Makubazi kikaenda magotini kwake, jembe bado liko juu. Hapo uwanja wote ulicheka, watoto na watu wazima, mpaka wenye gari wakalivuta shuka wakalifunga upya, na kicheko kikaisha.

— Kwenye foleni, alisema Shomari Sinema. — Ile inayopanda juu.

— Waliipandishaje? aliuliza Rosalia.

Aliuliza kwa wema, kama mtu anayetaka kwenda kusimulia vizuri. Shomari alitazama viganja vyake, akaanza kuinua kimoja juu ya kingine kuonyesha watu wanavyopandana, akafika cha pili akakwama. Mikono ilibaki hewani kidogo, halafu akaiweka mapajani.

Rosalia aliitazama ile mikono. Alilishusha bakuli, akaliweka kwenye ubao mahali pa Gaspar, akalishika lisiyumbe.

— Hakwenda, alisema. — Hawakumpeleka.

— Hakwenda, shemeji, alisema Shomari. — Walimpa jembe.

Gari la mkaa lilipita, vumbi likatufikia mpaka kibarazani, nikamfunika mtoto.

— Basi nitamwambia mvua ilinyesha, alisema Rosalia. — Gari lilikuja, watu wakajaa, mvua ikanyesha. Hawakuonyesha.

— Iwe kubwa, alisema Shomari upesi. — Manyunyu hawezi kuyaamini.

— Kubwa, alisema Mpingo. — Mwambie shuka lilichomoka likaenda kumvaa jogoo wa watu. Mwambie jogoo akatembea nalo.

— Mwambie nilikaa chini ya gari la sinema mpaka mvua ikaisha, alisema Shomari. — Peke yangu. Mwambie nilidai niachiwe hata sauti.

Kamati alikuwa anaikunja leso yake, pembe kwa pembe.

— Mwambie mie niliteleza, alisema. — Mbele za watu. Na suruali ya kazini.

Walimgeukia. Kamati, ambaye hajawahi kukaa kwenye ubao ule bila kuupangusa kwanza.

— Hilo atacheka, alisema Rosalia taratibu.

— Ndiyo. Mwambie.

Nassibu aliinamisha dele, likatoa mashapo ya kahawa tu. Aliliweka chini.

— Lakini shemeji, alisema, — hospitali iko hapahapa mjini. Dirisha la wodi liko wazi. Si anajua kama jana mvua haikunyesha?

— Anajua.

— Sasa?

— Hataniuliza tena walicheka wapi, alisema Rosalia.

Alilichukua bakuli, akalikaza kwa kanga, akaaga. Alikwenda hatua chache kuelekea kituoni, akasimama, akageuka.

— Shemeji Ansbert. Ulipoteleza uliangukia wapi? Atataka kujua.

Kamati alisimama. Alifikiri kwa makini, kama ambavyo nadhani hufikiri ofisini kabla ya kutia sahihi.

— Karibu na goli, alisema. — Kifudifudi.