Vyungu Mia Nne na Tisini

Basi la kwenda uwanja wa ndege wa Yakutsk lilikuwa limejaa, na madirisha yake yameganda barafu. Ayaal, fundi bomba aliyekuwa akienda kazini, alimgeukia bibi aliyepakata furushi la samaki wagumu kama kuni.

"Safari ya wapi, bibi?"

"Moscow. Mjukuu wangu anaolewa leo saa saba mchana, na wa kumpa baraka nimebaki mimi tu."

"Leo leo? Si ungeondoka jana! Kwa ukungu huu ndege itaruka?"

"Jana ng'ombe wangu alikuwa anazaa. Ungemzalisha wewe?" Abiria wakacheka. "Ndege ya saa nne inatua Moscow saa nne na nusu. Inakaa hewani masaa sita na nusu, ila jua la kule linachelewa kuamka kuliko letu."

"Ikiruka."

"Babu yangu alipima njia kwa vyungu, mwanangu. Mwendo wa farasi mpaka chungu cha nyama kiive, hicho kimoja. Moscow ni vyungu mia nne na tisini! Babu angemla na farasi mwenyewe. Hawa marubani wanavimaliza vyote kabla sijasikia njaa."

Ayaal aliyezizoea ndege hizo tangu utotoni alianza kuvihesabu vile vyungu.

Basi liliposimama, hata jengo la uwanja halikuonekana.

"Haitaruka, bibi," alisema, huku ameshajitwika furushi. Kituo chake kilikuwa kimepitwa zamani.

"Funga mdomo, utagandisha meno. Kimbia!"