Garland Voss Akataa Uwanja

Benchi letu liko nje ya saluni ya Lyle kinyozi, hapa Tolliver, Kansas, na kahawa ya Lyle ni bure kwa yeyote mwenye maneno. Asubuhi hiyo gumzo lilikuwa moja: Garland Voss kakataa uwanja wa shule uitwe kwa jina lake. Ndiye yule aliyekuwa akipiga mpira wa besiboli chuoni hadi unavuka uzio na kuangukia mahindi ya watu. Ligi kuu ikamchukua, mji mzima ukamsindikiza kwa matarumbeta. Mahindi hayajavunwa, karudi. Siku hizi anatengeneza matrekta, na maneno yake ya kuhesabu.

— Anaona aibu, alisema Dizeli, dereva mstaafu wa malori. Kule walimrushia mipira inayopinda. Gongo lake la kupigia mpira likawa linapiga upepo tu.

— Haikupinda, ilikuja chini! akadakia Padri, ambaye ni muuza nyama na kanisani haonekani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Garland na urefu ule, ainame wapi?

— Padri, methali umeipeleka siko.

— Methali ni kofia, bwana. Kichwa chochote inaingia.

Lyle akachungulia dirishani, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi.

— Hamjui kitu nyie. Ni chakula! Walimlisha samaki mbichi. Mtoto wa mama Voss, aliyekuzwa kwa nyama na viazi!

— We Lyle, angalia sikio la mteja!

— Basi niwaambie siri, Dizeli akaapa. Timu ilimpa viatu vya marehemu. Mtu atakimbiaje na miguu ya maiti?

Tulicheka hadi benchi likalia. Tunampenda Garland. Nani mwingine wa kwetu kawahi kuvaa jezi ya ligi kuu?

Noreen, mfamasia aliyehamia juzi, alikuwa kasimama pembeni na kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Nasikia alipoondoka mlimpigia matarumbeta. Aliporudi, nani alikwenda kumpokea?

Lyle akazima mashine. Padri akamtazama Dizeli, Dizeli akanitazama mimi, nami nikatazama barabara.

Mwishowe Dizeli akainuka, akajipangusa suruali.

— Wapi tena? Padri akauliza.

— Karakana, kwa Garland. Nakwenda kumpokea.

— Leo? Si umechelewa, ndugu yangu?

— Nimechelewa sana. Inuka twende.