Mwalimu Bitutu na Dumuzi wa Jikoni

Mwalimu Esnah Bitutu amefundisha Fizikia katika shule yetu hapa Gesima kwa miaka ishirini na minane, na tarehe 30 Aprili anastaafu. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, mpishi Onchiri, nimwandikie. Walimu wenye digrii walisema wana shughuli. Nadhani waliogopa atawasahihisha.

Alitoka Kebirigo akakuta maabara ina mizani moja, tena mbovu. Kwa hiyo siku aliponunua simu ya kugusa mjini Kisii, simu ikawa ndiyo maabara, maana ndani ina vipimo vya mwendo. Aliitia kwenye kapu la kuchumia chai akaizungusha juu ya kichwa kupima nguvu ya mzunguko. Aliiangusha kutoka juu ya tangi la maji, sisi tumeshika blanketi chini, ikaonyesha kwamba kitu kinapoanguka hakihisi uzito. Daktari aliniambia nipunguze uzito. Sasa najua njia.

Lakini mwaka wa 2017 somo lilikaribia kufa. Kuanzia Kidato cha Tatu Fizikia ni ya hiari, na waliojiandikisha walikuwa watatu tu. Mwalimu Mkuu Masese akasema darasa litafungwa na Bitutu ahamishiwe Suneka. Siku hizo Mwalimu Bitutu alikunywa chai yangu bila hata kuniita mwizi wa maziwa. Nikajua mambo ni mabaya.

Mchana mmoja, wanafunzi wakisubiri chakula, akaingia jikoni. Akaweka tone la maji kwenye jicho la kamera, akainamisha simu juu ya maharagwe niliyokuwa nachagua. Kwenye kioo akatokea dumuzi mkubwa kama fahali, miguu inatembea! Watoto wakapiga mayowe.

“Mwalimu, unaniharibia jina!”

“Tulia, Onchiri. Leo huyu mdudu ndiye mwalimu, mimi msaidizi tu.”

Wakapanga foleni na chumvi, majani ya chai, hata unywele wa Naibu Mwalimu Mkuu. Wakauliza tone la maji linamkuzaje mdudu. Bitutu akapangusa simu, akaitia mfukoni.

“Jibu liko Kidato cha Tatu.”

Akaenda zake! Kufika jioni waliojiandikisha walikuwa wengi hata Masese akaja kwangu kuazima viti vya jikoni. Mimi niliyekomea darasa la tano, jibu sijapewa mpaka leo.

Celestine, aliyepiga mayowe kuliko wote siku ile, amemaliza chuo, na muhula ujao ndiye atakayefundisha Fizikia hapa. Darasa lako halifungwi, Mwalimu. Asante sana. Nenda Kebirigo ukapumzike, afya isikuache, wajukuu wakusumbue vizuri, na ucheke kila siku.